Koo la Mama Mkwe

1

"Pazia," alisema Bi Nyakwesi, "mwambie mkwe wangu aache kuupuliza huo uji. Atautemea mate."

Mafuru aliacha kupuliza. Alikuwa amesimama upande wa pili wa pazia la wodi, bakuli mkononi, mwanaume mzima mwenye ndevu, muuguzi aliyewahi kushona majeraha ya mamba bila mkono kutetemeka, na sasa alikuwa anaogopa kitambaa cha kijani. Uji wa mgonjwa huyu ulitakiwa uwe wa baridi na laini, usio na chenga hata moja. Angekuwa mgonjwa mwingine, Mafuru angeingia, angemwinua na kumlisha kijiko kwa kijiko. Lakini huyu ndiye aliyemzaa mke wake. Kisiwani Irondo mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na wakiwa na la kuambiana hulipitisha kwa mtu wa tatu. Mtu wa tatu asipokuwepo, hata kuku anaweza kutumwa. Leo lilitumwa pazia.

"Pazia, mwambie mama uji nauweka kwenye meza ndogo, halafu nageuka."

Akauweka, akageuka, akasikia kijiko kikigonga bakuli. Siku nyingine angecheka mwenyewe. Siku hiyo roho yake ilikuwa juu tangu alfajiri.

Bi Nyakwesi alikuwa amekaa na kichocho tumboni tangu usichana wake, miaka ya kusimama kwenye maji ya kina kifupi akifua na kuchota. Vijidudu vile vilikuwa vimelijaza ini lake makovu. Damu iliyopaswa kupita kwenye ini ilikosa njia, ikajitafutia vichochoro, na vichochoro vyenyewe vilikuwa mishipa myembamba ya umio na ya juu ya tumbo la chakula. Mishipa hiyo ilikuwa imevimba kama minyoo iliyoshiba. Ikipasuka, mtu hutapika damu hadi anaisha mbele yako, ukiwa umeshika beseni.

Zamani watu wa Irondo walikufa hivyo kila msimu. Siku hizi kulikuwa na utando. Hospitali kuu ya ng'ambo ilimmezesha mgonjwa kitu laini kama ngozi ya maziwa, nacho kikajibandika kwenye umio na kuota humo. Muuguzi naye alivaa ukosi shingoni. Vikiunganishwa, koo la muuguzi na koo la mgonjwa huwa kama koo moja: mshipa ukijaa, muuguzi anaubaini pale pale, na yeye akimeza kwa namna aliyofundishwa, utando unabana mahali panapovuja hadi damu isimame. Wanakisiwa waliita jambo hilo kumezewa. "Sista, nimezee," walisema, kama mtu anayeomba kushikiwa mtoto.

Kasoro yake ilikuwa moja, na kila muuguzi aliijua. Njia ile haikupitisha presha peke yake. Ilipita kwenye neva inayoshuka kutoka kichwani hadi tumboni, na hofu hutembea humo humo. Mgonjwa akiogopa, muuguzi anaogopa. Muuguzi akiogopa, presha ya mgonjwa inapanda. Ndiyo maana sheria ilikataza kumuunga mtu yeyote kabla hajatamka kwa kinywa chake, "Nimekubali," na kumtaja anayemkubali.

Bi Nyakwesi alimkubali Sista Adventina, muuguzi mwenzake Mafuru. Alimkataa Mafuru, tena mbele ya daktari aliyeonekana kwenye kioo cha ukutani.

"Sitaki mkwe wangu awe kooni mwangu," alisema siku ile. "Leo wala siku yoyote. Atanitazama vipi baadaye? Nitamtazama vipi? Afadhali nife na heshima yangu."

Daktari Ishengoma aliliandika hilo, na hapo likawa limekwisha. Lakini alfajiri hii mama mmoja alikwama kwenye uchungu, na Sista Adventina akaondoka naye kwa boti ya wagonjwa kwenda ng'ambo. Kabla ya kupanda botini alimvuta Mafuru kando.

"Umuulize choo."

"Nimuulize mama mkwe wangu choo?"

"Kama unavyowauliza wengine. Kikiwa cheusi, anavuja ndani kimyakimya. Mafuru, usinifanyie aibu za kijinga."

"Nitamuuliza."

Boti ilipokwisha kuondoka upepo ulianza kuvuma, na kufikia saa za chai ziwa lilikuwa limechafuka kiasi kwamba hakuna chombo kilichothubutu kurudi. Mafuru alikwenda kwenye pazia. Alikohoa. Alisugua kiatu sakafuni.

"Pazia, muulize mama ameamkaje."

"Mwambie nimeamka salama."

"Na... mengine yote?"

"Mengine yote salama."

Akashukuru na kuondoka haraka. Kwa wagonjwa wote wa Irondo alikuwa akiuliza kama choo ni cheusi kama lami, kama kinanuka vibaya, kama kichwa kinazunguka wakisimama. Wanaume walimtania kwa hilo wakikutana naye sokoni. Kwa huyu mmoja ulimi ulimkatalia, akajidanganya kwamba ameshauliza.

2

Leokadia, mke wake, alirudi na nguo safi za mama yake jua likiwa utosini. Aliingia nyuma ya pazia, akainama kuchukua chombo cha choo chini ya kitanda, kisha akatoka nacho akiwa amekifunika kwa khanga.

"Baba Bwire, hebu tazama."

Mafuru akafunua. Kilikuwa cheusi tii, kinang'aa, na harufu yake alikuwa akiijua kuliko harufu ya nyumba yake.

"Kimeanza lini?"

"Jana jioni kilikuwa hivihivi. Mama alinikataza nisiseme. Alisema wewe ndiye utakayemwaga, na yeye hawezi kulala akijua mkwe wake ameona choo chake."

Mafuru alikifunika tena kile chombo. Kabla hajajibu, nyuma ya pazia kulisikika kikohozi kimoja kizito, kisha mlio wa kitu kama ndoo ya maji iliyomwagwa sakafuni.

Akalivuta pazia hadi pete zake zikakatika.

Bi Nyakwesi alikuwa amekaa, mikono imeshika kingo za kitanda, na damu imemjaa kifuani. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi, Mafuru na mama mkwe wake walitazamana machoni. Yule mama akageuza uso ukutani. Hata wakati ule, akageuza uso.

Mikono ya Mafuru ilifanya kazi yenyewe. Alimlaza ubavu wa kushoto ili damu isiingie kwenye mapafu, akainua kichwa cha kitanda, akaingiza mpira wa kufyonza mdomoni, akamvisha oksijeni. Alifungulia dawa ya kubana mishipa kwenye mrija wa sindano wa mkono mmoja, na kwenye wa mkono mwingine akaning'iniza chupa ya damu, akiiacha idondoke taratibu, maana ukiijaza haraka presha inapanda na mshipa unazidi kuchanika. Muda wote huo alikuwa akimpigia kelele daktari.

Kioo kikawaka. Daktari Ishengoma alitazama mara moja, akauma mdomo.

"Vindege vya kuleta dawa na damu haviwezi kuruka kwa upepo huu. Una chupa ngapi za damu?"

"Hii na nyingine moja."

"Mpira wa puto?"

Mpira wa puto ulikuwa kifaa cha kale. Uliingizwa tumboni kupitia kooni, ukajazwa hewa, nao ukakandamiza mishipa hadi msaada ufike. Tangu utando uingie nchini, mipira hiyo iliondolewa kwenye vituo vyote. Waliambiwa haihitajiki tena.

"Hatuna, daktari. Mlituambia tuirudishe."

Daktari alifumba macho. "Basi endelea hivyo hivyo. Na tuombe upepo utulie."

Bi Nyakwesi alitapika tena. Safari hii ilitoka nyekundu, mbichi, yenye mabonge. Mstari wa presha ya mwili ulianguka kwenye mashine, na macho yake yakaanza kupoteza mtu wa kumtazama.

Leokadia alimkamata mumewe bega. "Mmezee!"

"Alikataa."

"Alikataa akiwa mzima! Mmezee, Baba Bwire, mama yangu anakufa!"

"Leokadia," daktari alisema kwa sauti ya chini, "alikataa akiwa na akili zake zote, na alisema siku yoyote. Kukataa kwake hakuishi kwa sababu ameishiwa nguvu. Mafuru, sheria unaijua."

"Naijua."

"Hata ukitaka, ukosi wako hautafunguka. Haukutamkiwa."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Lakini kwenye msumari wa chumba cha dawa ulining'inia ukosi wa Sista Adventina, uliotamkiwa na Bi Nyakwesi mwenyewe, ukiwa wazi kwake. Na ukosi haujui shingo ya nani imeingia ndani yake.

Mafuru aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Akimwacha, mwanamke huyu atakwisha sasa hivi, na mke wake atalala kando yake miaka yote akijua ukosi ulikuwepo. Akimuunga, ataingia mahali alipokatazwa kwa maneno yasiyo na kona, tena kwa mlango aliofunguliwa mtu mwingine. Na zaidi ya yote, ataingia akiwa na hofu hii, hofu inayotosha kupasua mshipa mzima uliobaki. Alitafuta ndani yake sababu moja safi ya kufanya au kutofanya, akakuta ameshika tu lile swali ambalo hakuuliza asubuhi.

Akakimbia chumba cha dawa.

"Mafuru!" daktari aliita kutoka ukutani. "Mafuru, huo si wako!"

3

Kwanza ilikuja ladha ya chuma.

Halafu koo lake likajaa, kana kwamba amemeza tonge bila kutafuna, na chini ya tonge hilo, upande wa kushoto, juu kidogo ya mlango wa tumbo, akabaini kitu kikibubujika. Hapo ndipo palipopasuka. Akameza kama alivyofundishwa, polepole, akisukuma kwa mzizi wa ulimi. Kitandani, koo la Bi Nyakwesi likapanda na kushuka pamoja na lake. Utando ukabana. Bubujiko likapungua.

Kisha hofu ikafika.

Mafuru aliitarajia. Alishawamezea wengi, na hofu ya kufa aliizoea. Huwa ya baridi, huja kama maji miguuni. Hii haikuwa hiyo. Hii ilikuwa hofu ya mtu aliyekuwa anaoga, akasikia mlango ukifunguliwa. Mwanamke yule, katikati ya kufa kwake, alikuwa anakimbia ndani ya mwili wake mwenyewe akitafuta pa kujificha, na aliyekuwa anakimbiwa ni Mafuru.

Akashtuka. Mshtuko wake ukashuka kwa njia ile ile. Hapo hapo akahisi mshipa mwingine, wa jirani, ukifura.

"Presha ya mishipa inapanda!" daktari alipaza sauti. "Unamtisha! Tulia au utoke!"

Kutoka kulimaanisha utando ulegee na bubujiko lirudi. Kubaki kulimaanisha kumtisha hadi apasuke kwingine. Alijaribu kutulia na akashindwa, kama anavyoshindwa kila mtu aliyeamriwa atulie. Yeye aliogopa kwa sababu mama aliogopa, mama akaogopa zaidi kwa sababu yeye aliogopa, na hofu ikawa inakwenda na kurudi kati ya makoo mawili huku ikinenepa kila safari.

Ndipo mdomo wake ukaanza kusema kitu pekee ulichokuwa ukisema kila siku ya Mungu kwenye kazi hii.

"Mama," alisema, bila pazia, bila mtu wa tatu, kwa ile sauti yake ya wodini iliyochosha watu, "choo kilianza kuwa cheusi lini? Jana asubuhi au jana jioni? Kilikuwa kinanata? Ukisimama kichwa kinazunguka? Tumbo la juu linauma au linajaa tu? Umemeza chakula chochote chenye mfupa? Umekohoa sana? Umejikamua ukienda haja?"

Akarudia. Maswali yalikuwa na mwendo wake, mwendo wa kazi, na moyo wa Mafuru ukaufuata kwa mazoea. Mapigo yakashuka. Upande wa pili, kitu kilichokuwa kinakimbia kikapunguza mbio. Hakikusimama, ila kilikaa mahali, kikihema, kikimtazama.

Mshipa wa pili ukanywea kidogo.

"Nasikia upo, mama," alisema. "Nimeingia bila ruhusa. Nikitoka sasa, utakufa. Nikibaki, huenda usinisamehe. Meza mara moja kama nibaki. Usipomeza, natoka."

Leokadia alikuwa amepiga magoti, kiganja cha mama yake shavuni mwake. Mafuru akangoja, akijizuia asimeze, mate yakimjaa mdomoni.

Koo likameza.

Alilihisi likipanda na kushuka, zito, la taratibu. Aliona ngozi ya shingo ya mama mkwe wake ikisogea. Na wakati huo huo akagundua kwamba mate mdomoni mwake yalikuwa yamekwisha.

Akabaki.

4

Upepo ulitulia jua lilipoanza kuinama, na kindege cha kwanza kikatua uani na chupa za damu. Mpango ukawekwa kwamba kesho Bi Nyakwesi avushwe akafungwe mishipa iliyovimba kwa pete za mpira. Bubujiko lilikuwa limekoma kabisa. Presha ya mwili wake ilisimama vizuri. Mafuru alivua ukosi, akauzima, akauweka mezani. Leokadia alimkumbatia huku akilia kwa sauti, nguo zake zimeganda damu, na kwa muda ule mfupi Mafuru alidhani amevuka.

"Lazima niandike," daktari alisema. Alionekana amechoka. "Alikubali?"

"Nilimwambia ameze. Koo lilimeza."

"Sikuulizi kama koo lilimeza. Koo lilikuwa la nyinyi wawili. Nakuuliza kama alikubali."

Leokadia alimtazama mumewe, macho yakimwomba aseme ndiyo. Lilikuwa neno dogo. Hakukuwa na mtu duniani ambaye angeweza kulipinga.

"Sijui," Mafuru alisema. "Daktari, kweli sijui. Inawezekana nilimeza mwenyewe."

Daktari aliandika. "Nitalipeleka kama ulivyosema. Watakuita. Huenda usivae sare tena." Akasita, kalamu ikiwa hewani. "Lakini si hilo linalonitia wasiwasi. Unajua kwa nini tunataka mgonjwa atamke mwenyewe?"

"Kwa ajili ya heshima yake."

"Na kwa ajili ya utando. Mtu aliyekubali, kazi ikiisha, mwili wake unamwachia muuguzi kwa hiari. Ni kama kuagana na mgeni uliyemkaribisha. Tumeshapata wawili, nchi nyingine, waliomezewa bila kukubali. Miili yao ilimshika aliyeingia. Ilimkazia macho ili ijue yuko wapi. Haikumwachia."

"Ukosi umezimwa," Mafuru alisema.

"Hata wa wale wawili ulizimwa."

Hakuelewa, au alielewa na hakutaka. Leokadia alikuwa amesharudi nyuma ya pazia, ambalo alilifunga upya kwa kamba za bandeji, kwa maana mama yake alipofumbua macho, hilo ndilo lilikuwa ombi la kwanza. Sauti ya Bi Nyakwesi ilisikika, dhaifu, yenye mikwaruzo.

"Leokadia. Mwambie mkwe wangu atoke."

"Ameshatoka, mama. Yuko huko mezani. Ukosi ameuvua."

"Bado yumo."

Mafuru aliinuka. Kitu baridi kilipanda kutoka tumboni kwake hadi shingoni, na kabla hakijafika juu akasikia, upande wa pili wa kitambaa, mama mkwe wake akivuta pumzi kwa kishindo, kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Hicho hapo," alisema Bi Nyakwesi. "Kimekuja tena. Anaogopa, mwanangu. Moyo wake unanigonga huku kifuani."

"Mwambie mama siogopi," Mafuru alisema haraka.

"Mwambie asinidanganye. Siwezi kudanganywa naye tena." Akameza kwa taabu. Mkono wa Mafuru ukaenda wenyewe kwenye koo lake. "Sina ugomvi naye. Nimemwona alivyo, naye ameniona. Mwambie tu aache kuogopa. Ananiumiza."

Kwenye kioo daktari alikuwa anasogea karibu, akitazama mashine iliyoning'inia juu ya pazia la kitanda. Leokadia alikuwa ametokeza kichwa kwenye pazia, naye akatazama hapo hapo. Mstari mwekundu wa presha ya mishipa, uliokuwa umelala tangu alasiri, ulikuwa unainuka kidogo kidogo.

"Nitoke nje," Mafuru alisema. "Nikiwa mbali..."

"Wale wawili walitenganishwa kwa safari ya siku nzima," daktari alisema. "Haikusaidia."

Mstari ukapanda tena.

Leokadia alitoka nyuma ya pazia. Alimwacha mama yake. Akamshika mumewe mkono, akamkalisha kwenye kiti cha wagonjwa, akapiga magoti mbele yake na kumfuta jasho usoni kwa khanga iliyojaa damu. "Vuta pumzi, Baba Bwire," alimbembeleza, kwa sauti ambayo watu huitumia kwa wagonjwa mahututi. "Polepole. Hivyo hivyo." Alitabasamu, akamkanda viganja, akamwambia kila kitu kiko sawa, na muda wote huo macho yake hayakubanduka kwenye ule mstari.